Kufuata Mfongo: Habari za Mifereji ya Wazee wa Kilimanjaro



Taarifa ya mwaka yataka hesabu: fedha iliyoingia na fedha iliyotoka, wagonjwa waliosaidiwa, wafiwa waliofarijiwa, na marehemu waliosafirishwa wakazikwe kwao. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na mweka hazina amekwisha kuzitia sahihi. Katika kurasa hizi chache naomba ruhusa nihesabu mali nyingine, ambayo haimo katika daftari lolote la chama, nayo ni katika mali kubwa tulizoachiwa na waliotutangulia. Nasema habari za mifongo, yaani mifereji ya maji ya mlima Kilimanjaro.

Wengi wetu twakaa Mombasa, Voi, Taveta na Nairobi kwa ajili ya kazi, lakini kwetu ni mlimani. Watoto wetu waliozaliwa mjini wayajua maji ya bomba na ya mtungi wa kununua. Wakienda nyumbani wakati wa Krismasi huuona mfongo ukipita kando ya kihamba cha babu yao, wakauruka, wakaendelea na mchezo wao, wala hawaulizi ulichimbwa na nani. Mtoto hana kosa kwa jambo asiloambiwa. Basi yafaa aambiwe, tena yafaa atembezwe, maana habari za mfongo husomwa kwa miguu kuliko kwa macho.

Matembezi yenyewe

Matembezi haya hayahitaji mtu awe mpanda milima, wala hayahitaji mchukuzi wa mizigo. Mtu atokaye Mombasa hupita Voi na Taveta, huvuka mpaka Holili, akafika Himo, na hapo barabara huiacha tambarare ikapanda kuelekea Marangu. Akisha kufika kwenye migomba na mibuni, na atafute mfongo ulio hai, amsalimu mwenye kihamba na kuomba njia kama ilivyo adabu, kisha aelekee kule maji yanakotoka. Ukingo wa mfongo una kijia cha miguu, kwa sababu watu walio na zamu ya maji hupita hapo asubuhi na jioni kuangalia kama maji yao yamezuiwa na majani, au na jirani.

Kijia hicho ni chepesi. Mzee mwenye fimbo aweza kukipita bila ya kuhema, na mtoto wa miaka sita vilevile. Hili ni ajabu, kwa maana nchi yenyewe ni ya miinuko mikali, na mtu akiiacha njia ya mfongo kwa hatua kumi tu, akajaribu kushuka bondeni, itambidi ashike miti. Wepesi wa njia si bahati. Maji ya mfongo hayatakiwi kukimbia, kwani yakikimbia hula udongo na kuubomoa mfereji; wala hayatakiwi kulala, kwani yakilala huacha tope na kuuziba. Yatakiwa kutembea mwendo wa mtu asiye na haraka. Basi kila wepesi anaousikia mgeni miguuni mwake ni ustadi wa mtu aliyeipima njia ile zamani, bila kalamu wala kioo cha mpimaji.

Kuna jambo lingine la kusikiliza. Mwanzo wa safari mto uko mbali chini katika korongo. Hauonekani, bali sauti yake yasikika kama watu wanaozungumza nyumba ya pili. Kadiri mtu anavyokwenda, sauti yakaribia. Baadaye auona mto kati ya majani. Mwisho afika mahali ambapo mto na mfongo viko sawa, na hapo ndipo penye banio. Mtu huyo hakupanda sana. Ni mto ulioshuka kutoka juu ukaja kumlaki. Mwenye kulifahamu jambo hili ameifahamu hekima yote ya mfongo.

Nchi na mawe yake

Ili tuone kwa nini wazee walihitaji hekima hiyo, hatuna budi kuitazama nchi. Kilimanjaro ni mlima wa moto. Ulijengwa na mawe yaliyoyeyuka, yaliyotoka chini ya ardhi mara kwa mara katika muda wa zaidi ya miaka milioni mbili, kwa vilele vitatu: Shira, ambao umebomoka na kuwa uwanda, Mawenzi, wenye meno, mita 5,149, na Kibo, mita 5,895, kilicho kirefu kuliko vilele vyote vya Afrika. Moto umelala siku nyingi. Mvua imeyasaga mawe yale ikayageuza udongo mwekundu wenye rutuba, na mito imeuchanja mlima kuanzia juu hata chini kama vidole vya mkono uliokunjuliwa.

Kwa hiyo nchi ya Wachaga ni migongo na makorongo. Watu hukaa juu ya mgongo, penye udongo mzuri; mto hupita ndani ya korongo, pengine mita nyingi chini yao. Mtu aweza kuusikia mto usiku kucha kitandani mwake, na asubuhi asiwe na maji ya kunywesha mbuzi. Tena mawe ya mlima wa moto yana matundu na nyufa. Maji mengi ya mvua huzama humo, yakapita gizani chini ya ardhi, yakatokea chemchemi mbali sana, tambarare. Mlima wenye maji mengi kuliko nchi zote za jirani huweza kumwacha mtu wake na kiu.

Mvua nayo haigawanyi sawa. Katika msitu wa upande wa kusini hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Chini kwenye tambarare hunyesha kidogo, na ukame huja kila mwaka. Masika huanza mwezi wa Machi na vuli huja karibu na Novemba. Kati ya hizo migomba huona kiu, na ulezi wa tambarare, ambao bila huo hakuna mbege, hauwezi kungoja. Watu waliokuwa wakikaa wengi juu ya ardhi ndogo hawakuweza kuwa na amani na tumbo lililoshiba ila kwa kuyaleta maji mgongoni.

Jinsi walivyofanya

Maji hayapandi. Hili alijua kila mtu. Lakini mto wa mlimani hushuka kwa kasi, na mfereji waweza kushuka polepole. Basi mwenye kutaka maji katika kihamba chake hakuyatafuta chini ya nyumba yake. Aliondoka akaufuata mto kwenda juu, kilomita kadha, mpaka akafika mahali ambapo kitanda cha mto ki juu kuliko kihamba. Hapo alijenga banio, akayaongoza maji kando ya ubavu wa korongo, akishuka kidogo tu, huku mto ukimwacha na kwenda zake chini. Mwishowe mfereji hutoka ubavuni ukakalia mgongo wa nchi, na kutoka hapo waweza kunywesha kulia na kushoto.

Kipimo kilikuwa jicho, na maji yenyewe. Chombo kilikuwa mti uliochongwa ncha na jembe la chuma la wahunzi wa mlimani. Palipokuwa na mwamba waliuzunguka, au waliyapitisha maji juu ya mawe yaliyopangwa na kukandikwa udongo. Palipokuwa na bonde dogo walitega gogo lililotobolewa likawa daraja la maji. Banio lilijengwa kwa mawe, magogo, matawi na majani. Mgeni akiliona aweza kucheka, maana mafuriko ya kwanza hulichukua. Lakini asifanye haraka kucheka. Banio la namna hiyo huvuja, na maji yavujayo ndiyo haki ya mfongo ulio chini yake katika mto uleule. Na mafuriko yakija, heri yachukue magogo ya siku mbili kuliko kuingia mferejini na kuubomoa wote.

Maji ya usiku hayakupotea. Yaliingizwa katika nduwa, yaani bwawa dogo lililochimbwa na kukandikwa, likajaa watu wakiwa wamelala. Asubuhi likafunguliwa, nguvu ya maji ikawa kubwa ya kutosha kufika shamba la mbali. Mtu atembeaye leo ataona nduwa nyingi kando ya mifongo, nyingine zimejaa maji, nyingine zimejaa majani.

Wageni wa kwanza walioandika habari za nchi hii waliikuta kazi hii imekwisha kufanywa. Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai, alifika mlimani mwaka 1848. Harry Johnston alikaa Moshi mwaka 1884 katika nchi ya Mangi Rindi, ambaye wengine walimwita Mandara. Charles Dundas, mtawala Mwingereza, alitoa kitabu mwaka 1924 juu ya mlima na watu wake, na humo mifongo ina sifa yake. Katika miaka ya 1960 ilikadiriwa kwamba mifongo mikubwa yapata 1,000, na urefu wake wote pamoja kilomita 1,800. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya safari ya Mombasa hata Nairobi, na yote ilichimbwa kwa mkono.

Sheria ya maji

Lakini, ndugu wanachama, mtaro peke yake si mfongo. Mtaro waweza kuchimbwa na mtu yeyote mwenye jembe. Mfongo ni watu waliokubaliana, na siku mapatano yanapokufa mtaro hubaki kuwa shimo refu.

Aliyeanza kuchimba, yeye na ukoo wake, walikuwa wenye mfongo, na mara nyingi mfongo ulichukua jina lake. Mzee wa mfongo alitoka katika ukoo huo. Yeye ndiye aliyepanga zamu na kuamua ugomvi, na kabla ya kazi kubwa wazee walitambika. Watu wa koo nyingine waliotaka maji waliyaomba, wakaleta mbege, wakaingia katika mapatano, na tangu siku hiyo kazi ya mfongo ikawa yao pia. Maji ya kunywa na ya kupikia hakunyimwa mtu. Maji ya shamba yalikuwa ya zamu, na zamu ilipatikana kwa kazi.

Kazi ilikuwa msaragambo. Watu waliitwa, kila nyumba ikatoa mtu, wakapanda pamoja mpaka kwenye banio, wakashuka wakizoa tope, wakiziba nyufa na kufyeka kingo. Asiyekuja alitozwa faini. Na kama hakulipa, maji yalimpita mlangoni yakaenda kwa jirani. Hapakuwa na askari wala gereza. Jela ya mfongo ilikuwa migomba yako kunyauka mbele ya macho ya watu. Mangi naye aliheshimu mambo haya. Aliweza kuamuru mfongo mkubwa uchimbwe, au kuamua ugomvi uliowashinda wazee, lakini ugawaji wa kila siku ulikuwa mikononi mwa wenye mfongo.

Nisiufiche upande wa pili. Desturi haikuwaweka wanawake katika kazi ya mfongo wala katika baraza lake, ingawa wao ndio waliokuwa wakiyateka maji na kuyabeba kila siku ya Mungu. Jambo hili nalitaja kwa sababu leo, katika nyumba nyingi, mume yuko mjini na mke ndiye mwenye kihamba. Mfongo usiompa mama huyo kiti barazani waiondoa nusu ya mikono yake wenyewe.

Wakati wa serikali mbalimbali

Wadachi walipoitwaa nchi, na Waingereza baada yao, mashamba ya walowezi yalifunguliwa chini ya vihamba, nayo yalitaka maji ya mito ileile. Wachaga nao walipanda kahawa. Walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuata chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mto ukawa na wenyewe wengi. Serikali ikaanza kuuliza: maji haya ni ya nani? Mwaka 1935 Edmund Teale na Clement Gillman walitoa taarifa juu ya utawala wa maji katika Jimbo la Kaskazini la Tanganyika. Wataalamu wa siku zile waliona mifongo yavujisha maji na kuchukua udongo. Katika hilo palikuwa na kweli, kwa sababu mfereji wa udongo huvuja. Lakini maji yavujayo katika kihamba hayaendi mwezini: hunywesha migomba na miti iliyo kando.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka tena. Cheo cha umangi kilikwisha kwa sheria mwaka 1963. Sheria ya maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote ya Tanzania Bara chini ya serikali, na mwenye kuyatumia kwa mfereji akatakiwa awe na kibali. Mwaka 1991 ilianzishwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, kwa maana maji ya mlima huu hushuka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme, yakamwagika baharini Pangani. Sheria mpya ya mwaka 2009 imewapa nafasi watumiaji wa maji waunde jumuiya zao na kuziandikisha. Tena, mwaka 2005 msitu wa mlima uliingizwa katika hifadhi ya taifa. Na kwa kuwa mabanio mengi yako juu msituni, mtu anayekwenda kutengeneza banio la babu yake huenda akahitaji kwanza ruhusa ya watunza hifadhi.

Mimi ni karani, na ugonjwa wa karatasi naujua. Mfongo waweza kuwa umenywesha watu tangu kabla ya Rebmann, na usiwe na ukurasa mmoja wenye jina lake. Mzee aujua kwa kichwa, ukoo wajua kwa heshima, jirani ajua kwa zamu. Lakini mbele ya meza ya ofisi, kichwa, heshima na zamu havigongwi mhuri. Siku mzee anapofariki, twasafirisha maiti kwa heshima kubwa, twachanga, twahutubia. Na pamoja naye twazika daftari zima ambalo hakuna aliyelinakili.

Maji yasiyojua mpaka

Wanachama wetu wa Taveta wasidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo. Kuna hadithi isemayo ati Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kaisari mlima Kilimanjaro kwa sikukuu yake ya kuzaliwa, ndiyo sababu mpaka umepinda. Hadithi hii ni tamu, lakini si kweli: Waingereza na Wadachi walipatana juu ya mpaka mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili hakuwa Kaisari mpaka mwaka 1888.

Vyovyote ilivyokuwa, maji hayakuulizwa. Yale yaliyozama katika matundu ya mawe huko juu hutokea tena upande wa Kenya. Chemchemi za Njoro, Taveta, ambazo zanywesha migomba na mboga za wakulima, zapata maji yake kutoka mlimani. Ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la mlima wa moto, hupakana na nchi zote mbili, nalo hulishwa na maji ya chini ya ardhi. Mto Lumi washuka kutoka mlimani ukaingia Ziwa Jipe. Upande wa kaskazini, mabwawa ya majani ya Amboseli, ambamo tembo hulala maji mpaka tumboni, ni maji ya mlima uleule. Basi aukataye msitu Marangu, au Rombo, amemkata jirani yake Taveta asiyemjua jina.

Hali ya leo

Mtu atembeaye sasa ataikuta mifongo iliyo hai, na ataikuta mingine iliyokufa. Watu hupenda kusema sababu ni theluji. Ni kweli kwamba barafu ya Kilimanjaro yaisha: mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba zipatazo 11.4, na mwaka 2011 zilibaki kama 1.76 tu. Hilo ni jambo la kuhuzunisha kwa kila mtu aliyelelewa akiitazama Kibo. Lakini wachunguzi wameonyesha kwamba maji ya mito yetu hutoka sehemu kubwa katika mvua na ukungu wa msitu, si katika barafu. Msitu wa juu umeunguzwa na moto mara nyingi tangu miaka ya 1970, na miti ile ndiyo iliyokuwa ikikamua ukungu ukawa matone. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Moto msituni twaweza kuuzuia.

Sababu ya pili ni bomba. Bomba ni jema, na hakuna mama atakayelia kwa kupumzishwa kubeba ndoo. Lakini watu wakipata bomba la kunywa huusahau mfongo, na bomba halinyweshi migomba. Sababu ya tatu ni vihamba kugawanywa na kugawanywa tena, mpaka nyumba na kuta zasimama juu ya mfereji.

Sababu ya nne ni sisi. Nasema bila kumlaumu mtu: mikono iliyopasa kuzoa tope iko Mombasa ikipakua mizigo, iko Nairobi ikipiga chapa barua. Mfongo uliochimbwa na vijana hauwezi kutunzwa na wazee peke yao. Msaragambo unapoitwa, wanaokuja ni wenye mvi, akina mama na watoto wa shule, na pengine mtu wa kibarua aliyelipwa. Chama chetu kimekuwa kikijivunia kwamba hakuna mwanachama aliyezikwa kwa aibu. Ni vizuri. Lakini ustawi si mazishi tu. Kihamba tunachotaka kuzikwa ndani yake chahitaji maji leo, sisi tukiwa wazima.

Basi kwa heshima naweka mbele ya mkutano mkuu mambo matatu, wazee wayapime.

Kwanza, kila mwanachama aendaye likizo aulize jina la mfongo upitao kwao, jina la aliyeuchimba, mahali pa banio lake, idadi ya nyumba zinazokunywa, na desturi ya zamu zake, aviandike katika karatasi na kuvileta kwa karani. Tutavitia katika daftari moja. Daftari hilo halitakuwa kibali, lakini mwenye kuomba kibali atakuwa na mahali pa kuanzia.

Pili, nyumba ambayo mtu wake yuko mjini isihesabiwe kuwa imesamehewa msaragambo. Mwenye kushindwa kwenda kwa mikono na apeleke mchango, nao ukabidhiwe kwa baraza la mfongo, si kwa mtu mmoja mmoja. Hiyo ni sheria ileile ya wazee. Tumeugeuza mwendo tu, kwa kuwa siku hizi jembe laweza kutumwa kwa simu.

Tatu, likizo ya Desemba ijayo wanachama watakaokuwa nyumbani watembee pamoja na watoto wao, wakifuata mfongo mmoja kutoka kihambani mpaka karibu na banio, kwa ruhusa ya wenyeji na ya watunza msitu. Ni matembezi ya nusu siku, hayamwumizi mtu. Lakini kila mtoto apewe jembe dogo au fyekeo, na aondoe tope la urefu wa kimo chake mwenyewe. Akishalifanya hilo, sidhani kama atauruka tena mfongo bila ya kutazama chini.

Wazee wetu walikuwa na methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Nduwa ilijazwa hivyo, usiku, na maji membamba kama kidole, watu wakiwa wamelala. Lakini mtu mmoja alikuwa amekesha kulifunga lango lake kabla ya jua kuzama, na mwingine alidamka kulifungua. Haya ndiyo niliyotaka kuyaeleza mbele yenu, na maamuzi nayaacha kwa mkutano.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama